Chungwa la Kijani Limeiva

Msikilizaji, yaweke mbele yako machungwa mawili. La kwanza limetoka Muheza, mkoani Tanga: ganda lake la kijani, limeanza kupata umanjano hafifu upande mmoja, na lina mkwaruzo wa tawi. La pili limekuja kwa meli kutoka Afrika Kusini au Misri, rangi yake imekolea na kung'aa. Kwenye duka kubwa la mjini, la pili ndilo litakalopangwa mbele, na la kwanza litaachiwa mkokoteni. Ukiuliza sababu utaambiwa hilo la kijani ni bichi. Jibu hilo si sahihi, na anayeligharimia ni mkulima wa Tanga, ambaye anakatwa bei kwa sababu ya joto la usiku wa kwao.

Rangi ya ganda la chungwa haiongozwi na utamu wa ndani, inaongozwa na baridi. Ganda changa limejaa umbijani, ile rangi ya kijani iliyomo kwenye majani. Umanjano haukolei mpaka umbijani uvunjike, na kinachouvunja hasa ni usiku wa baridi, nyuzi 13 za Selsiasi au chini ya hapo. Muheza iko chini ya milima ya Usambara, kama mita 200 tu juu ya usawa wa bahari, na hata mwezi wa Julai usiku wa ukanda ule huzunguka nyuzi 20. Baridi ya kulibadili ganda haifiki kabisa. Wakati huohuo, ndani ya tunda kazi inaendelea: sukari inaongezeka, na uchachu unapungua upesi kwa kuwa joto hulifanya tunda liitumie asidi yake haraka. Kwa hiyo chungwa la nchi ya joto linaweza kuwa tayari kuliwa huku ganda lake halijui habari hiyo.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote ni wa aina ya Valencia. Kule Florida na California, Valencia hugeuka manjano majira ya baridi. Likiachwa mtini mpaka joto lirudi, ganda huanza tena kuwa kijani, kuanzia kwenye kikonyo, ilhali tunda ndani linazidi kuwa tamu. Lingekuwa linarudi ubichini, lingerudi na uchachu wake. Ndiyo maana wafanyabiashara wa huko, wakivuna kabla baridi haijafika, huyafungia machungwa kwenye vyumba vyenye gesi ya ethilini ili ganda lipoteze ukijani. Gesi hiyo hailiongezei tunda hata chembe ya sukari. Chungwa si ndizi wala embe: likishachumwa, utamu wake umekwisha kupangwa.

Najua mnunuzi atanijibu kwamba ameshauziwa machungwa ya kijani yaliyokuwa makali kama ndimu. Ni kweli yapo, maana wapo wanaochuma mapema kuwahi bei. Lakini hilo linathibitisha kwamba rangi ni kipimo kibovu, kwa sababu pale Muheza lililoiva na lisiloiva yote ni ya kijani. Kipimo kizuri kipo mkononi: chungwa lililokomaa ni zito kwa ukubwa wake, na ganda lake limelainika na kupoteza ule ukwaru wa uchanga. Wakaguzi nao hupima maji, sukari na uchachu. Mwingine atasema, basi nasi tujenge vyumba vya gesi. Vyumba hivyo ni gharama, na tunda lililopitishwa humo huwa jepesi kuoza penye kikonyo. Itakuwa tumelipia rangi na kupunguza maisha ya tunda. Au tuihamishie michungwa Lushoto, juu milimani Usambara? Mji ule uko kama mita 1,400, na kila mita 1,000 za kupanda hupunguza joto kwa takriban nyuzi sita, hivyo rangi ingepatikana. Lakini tunda lingechelewa kukomaa na lingekuwa na uchachu zaidi, na ardhi ile ya baridi ndiyo inayofaa mapeasi na plamu, ambayo Muheza haiwezi kuyazaa vizuri. Nakubali kwamba chungwa la baridi lina ukali mtamu ambao la pwani halina. Hiyo ni tofauti ya ladha, na mtu achague kwa ulimi wake.

Wauza machungwa wa barabarani wanalijua jambo hili kwa vitendo. Kisu kinazunguka, ganda la kijani linaanguka kama utepe mrefu, na linabaki tunda jeupe mkononi, limekatwa juu, tayari kunyonywa. Mteja aliyesimama juani anauliza kama ni tamu, anatoa pesa, na hakuna anayeuliza lilikuwa na rangi gani.