Mgeni, Siku 90 na Jembe



Wazee wetu walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sheria ya nchi inasema vingine. Mtalii mwenye viza ya kawaida huruhusiwa kukaa siku zisizozidi 90. Na jembe asipewe! Haruhusiwi kufanya kazi wala biashara. Hata kufundisha shuleni bila malipo kunahitaji kibali kingine.

Sheria hizi zimekazwa. Mwaka 2015 Bunge lilitunga sheria ya ajira za wasio raia. Julai 2025 Serikali ikatoa amri ya kuwakataza wasio raia biashara za aina 15. Baadhi yake ni kuongoza watalii, kutuma fedha kwa simu na kununua mazao shambani. Raia anayemsaidia mgeni kuivunja amri hiyo, naye huadhibiwa.

Je, sisi wakulima tunapata nini, na tunapoteza nini? Hebu tupige hesabu. Tuseme mgeni amepanga chumba kwa shilingi 10,000 kwa siku. Akikaa siku 90, mwenye nyumba hupata shilingi 900,000. Muuza mayai na mama mpishi nao hupata chao. Siku zikiisha, mgeni huondoka na fedha hukoma. Hiyo ni hasara, tusifichane.

Lakini faida nayo ipo. Kijana wa Idodi au Tungamalenga, karibu na Hifadhi ya Ruaha, akijifunza habari za wanyama na lugha za wageni, kazi ya kuongoza watalii ni yake. Huko Rungwe na Kyela, parachichi na mpunga wa shambani hununuliwa na raia. Hapo tuwe macho: wanunuzi wakipungua, bei yaweza kushuka. Dawa yake ni kupima kwa mizani na kuuza pamoja katika chama cha ushirika. Anayeuza peke yake hupunjwa hata na raia mwenzake.

Basi tufanye hivi. Mgeni akifika, tumkaribishe kwa heshima, kisha tumpeleke kwa mtendaji wa kijiji aandikwe. Tusome tarehe katika hati yake. Kusoma tumejifunza kwa kazi kama hizi. Akitaka kukaa zaidi, aende Uhamiaji kabla siku hazijaisha. Tusimfiche kwa tamaa ya kodi ya chumba. Na fedha ya miezi mitatu tusiipangie matumizi ya mwaka mzima.