Klarineti ya Kwaya: Maneno ya Katibu Siku ya Yubilei



Nimepewa dakika kumi, na mwenyekiti amenionya kwamba mwalimu akishika maikrofoni hudhani yuko darasani. Nitajitahidi. Historia ya kwaya kwa miaka hii 25 mtaipata kwenye kurasa za mwanzo za kijitabu hiki, kwa hivyo sitairudia. Nataka kueleza jambo moja tu, kwa sababu wengi mmeniuliza mlangoni asubuhi ya leo: “Katibu, yubilei nzima na bado mko na sare zile zile?” Ndiyo, ni zile zile. Hela za sare zilinunua klarineti. Na mtu aliyepinga zaidi jambo hilo katika kamati ni mimi ninayesimama hapa.

Mnamjua kijana wetu. Mama yake huimba alto, safu ya pili. Alianza kwaya ya watoto akiwa hajafika darasa la nne, sauti ikavunjika akahamia tena, kisha akaanza kukaa nje baada ya ibada na mzee wetu mmoja aliyestaafu kutoka bendi ya polisi. Mzee alikuwa na klarineti yake kuukuu. Hapa kwetu ala za kupuliza hazipatikani madukani kama magitaa, na wanaozijua wengi wametoka katika bendi za polisi, za jeshi au za Jeshi la Wokovu. Kwa hivyo kijana kumpata mwalimu wa klarineti akiwa ameketi benchi moja naye kanisani ilikuwa bahati kubwa, ingawa wakati ule hatukuitambua.

Jumapili ya kwanza alipoomba kupiga pamoja na kwaya, mnakumbuka yaliyotokea. Alisoma nota za mpiga kinanda wetu kama zilivyo, na wimbo mzima akawa chini yetu kwa hatua moja kamili. Soprano walidhani wamepotea, besi wakanyamaza. Watu walicheka. Lakini kijana hakukosea vidole. Klarineti inayopigwa na wengi ni ya B flati: ukisoma C, inatoa B flati. Kwa hivyo kinanda kikiwa katika F, yeye lazima apige katika G. Mzee akamwambia, “Wewe si unajua solfa? Basi hamisha doh.” Wiki iliyofuata alihamisha doh, na tangu siku ile hakuna aliyecheka tena.

Nalitaja hili kwa ajili ya vijana wetu wanaoona haya kusoma solfa wakidhani ni mambo ya kale. Solfa ndiyo iliyomfundisha kwamba wimbo ni uhusiano wa sauti na sauti, popote doh itakapowekwa. Alipokuja kusoma nota za mistari mitano, alikuwa tayari anazisikia kichwani.

Alipomaliza kidato cha nne akasema anataka kusomea muziki. Mama yake alikuja kwangu kama katibu, akaleta barua. Ndipo tukaanza kujifunza njia yenyewe. Tulifika Nairobi, Kenya Conservatoire of Music, ile iliyo jirani na Kenya National Theatre, ambayo imekuwapo tangu mwaka wa 1944, tukauliza maswali. Tukafahamu kuhusu mitihani ya bodi ya ABRSM ya Uingereza, ambayo ina gredi 1 hadi 8, na kwamba kwa kawaida mtu hafanyi gredi ya 6 ya kupiga ala kabla ya kupita nadharia ya gredi ya 5. Tukafahamu pia usaili wa kuingia chuo cha muziki ulivyo: skeli, vipande viwili vya mitindo tofauti, kusoma nota usizowahi kuziona, na majaribio ya sikio, ambapo mtahini hupiga kitu kwenye piano nawe unakiimba. Hapo kwenye sikio hatukuwa na wasiwasi. Mtoto aliyelelewa na kwaya ya sauti nne ameshafanya mtihani huo kila Jumamosi mchana.

Wasiwasi ulikuwa klarineti. Ile ya mzee ilikuwa imechoka, na mzee mwenyewe alisema haiwezi kubeba mtu hadi usaili.

Sasa nikiri. Katika mkutano wa kwanza mimi ndiye niliyesema tununue ya bei nafuu. Nilikuwa nimeona moja mtandaoni, mpya, inang'aa, na sanduku lake na glavu nyeupe, shilingi 18,000. Nilisema, na imeandikwa kwenye kumbukumbu kwa mkono wangu mwenyewe, “Klarineti ni klarineti.” Mzee alitikisa kichwa lakini hakubishana. Tukanunua.

Ilidumu miezi minne. Vyuma vya funguo vilikuwa laini, vikipinda ukivibonyeza kwa nguvu kidogo. Pedi, yaani zile pedi ndogo zinazofunika matundu, hazikukaa sawasawa, na hewa ikawa inavuja. Klarineti inayovuja haikuambii kwamba inavuja. Inamfanya mpigaji adhani kosa ni lake, basi anauma zaidi kwa meno na kupuliza kwa nguvu zaidi. Kijana alikuwa akishindwa kuvuka mpaka. Waliopuliza wanaujua: ni pale ambapo unatoka kwenye sauti ya katikati ukiwa umeshika karibu kitu bure, na nota inayofuata inadai ufunge karibu matundu yote kwa mara moja. Kila alipofika hapo, ala ilipiga kelele kama bata. Nilimsikia kwa masikio yangu nyuma ya ofisi ya kanisa, akirudia nota zile zile mbili saa nzima. Kisha nikasikia kimya. Mama yake aliniambia baadaye kwamba jioni ile alisema labda Mungu hakumpa kipaji.

Tulipoipeleka kwa fundi, alituambia bila kuficha kwamba kuinyoosha kungegharimu zaidi ya bei tuliyoinunulia, na ingepinda tena.

Ndugu zangu, mimi ni mwalimu. Nimewahi kuona mtoto akiitwa mzito darasani, kumbe alihitaji miwani. Nilijua ninachokiona.

Mkutano wa pili mzee alizungumza, nasi tulikaa kimya kumsikiliza kama watoto wa shule. Alisema mambo manne, na nayaandika hapa ili mzazi yeyote mwenye mtoto anayetaka kupuliza ayasome.

La kwanza, anza na kipande cha mdomoni. Sauti inazaliwa pale, wala si kwenye mwili wa klarineti. Ala ya kawaida yenye kipande kizuri itamsaidia mwanafunzi kuliko ala ya fahari yenye kipande kibovu. Akapendekeza B45 ya Vandoren, kampuni ya Ufaransa ambayo wapigaji wengi duniani huitumia.

La pili, ridi. Ridi ni kile kipande chembamba cha mwanzi kinachotetemeka mdomoni. Huuzwa kumi kwa kisanduku, na huwa na nambari za ugumu. Vijana hukimbilia nambari kubwa wakidhani ndiyo dalili ya ubingwa. Mzee akasema: anza na mbili na nusu, panda hadi tatu pumzi ikikomaa. Na katika kumi, usishangae ukikuta nne tu nzuri. Usipige moja hadi ife. Zungusha tatu au nne kwa zamu.

La tatu, plastiki si aibu. Hapa kijana mwenyewe alikunja uso, maana alitaka ya mbao. Nami nilidhani ile yetu ilitushinda kwa sababu ni plastiki. Kumbe ilitushinda kwa sababu ilitengenezwa ovyo. Klarineti ya mwanafunzi kama YCL-255 ya Yamaha ni ya plastiki, lakini funguo zake zimesimama, inashika sauti, na fundi anaweza kuitengeneza.

La nne, mbao zina masharti. Na hapa mzee alitushangaza. Klarineti nzuri za Ulaya, kama R13 ya Buffet Crampon, hutengenezwa kwa mpingo. Ndiyo, mpingo huu huu wanaouchonga mafundi wa Ukambani, mti unaokua Tanzania na Msumbiji, mzito kiasi kwamba ukiutia majini unazama. Unachukua miongo mingi kukomaa, unasafirishwa hadi Ufaransa, unarudi kwetu ukiwa na funguo zilizopakwa fedha na bei ambayo kwaya yetu haiwezi hata kuitamka. Nasi tulikuwa tumekaa tukidhani klarineti ni kitu cha wageni! Lakini mpingo nao hupasuka ukitendewa vibaya. Ukiwa mpya hupigwa dakika kumi na tano au ishirini tu kwa siku, na muda huongezwa polepole. Lazima ukaushwe kwa kitambaa kila baada ya kupiga, usiachwe juani wala ndani ya gari. Mwanafunzi anayepanda matatu na kupiga harusi uwanjani saa saba mchana atulie kwanza na plastiki.

Tukapata YCL-255 iliyotumika, imekaguliwa na fundi, pamoja na kipande kipya cha mdomoni na visanduku viwili vya ridi. Jumla ilikuwa karibu sawa kabisa na fedha tulizokuwa tumechanga kwa ajili ya sare za yubilei.

Mjadala haukuwa mwepesi. Kuna waliosema, na walikuwa na haki, kwamba fedha za kwaya ni za watu arobaini, siyo za mmoja. Kuna aliyeuliza, “Akishasoma atarudi?” Sikuwa na jibu, na sina hadi leo. Lakini nilisimama nikaomba ile hoja yangu ya kwanza ifutwe, na niliandika kwa kalamu yangu kwamba katibu alikosea. Tukakubaliana hivi: klarineti ni mali ya kwaya. Siku kijana atakapopata yake, hii inarudi kwa mtoto mwingine. Alitia sahihi, na mama yake akatia sahihi.

Wiki ile ile ala ilipofika, alivuka ule mpaka. Nilikuwa nyuma ya ofisi tena. Nota ya kwanza, nota ya pili, bila bata. Nilifunga daftari nikaenda zangu nyumbani, maana katibu hapaswi kuonekana akilia.

Kwa usaili alitayarisha sehemu ya pili, ile ya polepole, ya konseto ambayo Mozart aliiandika mwaka wa 1791, mwaka aliofariki, kwa ajili ya rafiki yake Anton Stadler. Mpiga kinanda wetu, ambaye hajawahi kusoma Mozart maishani, alijifunza sehemu ya piano miezi mitatu ili amsindikize. Mchungaji alitupa ufunguo wa kanisa kila jioni. Wale tena wawili walichanga nauli.

Na leo nafurahi kutangaza rasmi: kijana wetu amekubaliwa katika chuo cha muziki Nairobi. Anaripoti mwezi ujao.

Njia bado ni ndefu. Konseto ile kwa asili yake ni ya klarineti ya A, ambayo ni ndefu kidogo na iko chini kwa nusu hatua, na katika okestra mpigaji huhitaji zote mbili. Siku moja atahitaji hiyo pia, na pengine ya mpingo. Hilo si la leo. La leo ni ridi. Zinaisha, wala hazina huruma. Mweka hazina ameweka kikapu pale mlangoni, na kisanduku kimoja ni kumi.

Mwisho, kuna binti wa darasa la saba ambaye kila Jumamosi hukaa karibu na mzee akihesabu matundu. Simtaji. Namwambia tu kwamba daftari la kumbukumbu lina nafasi.

Wanakwaya wenzangu, sare tutashona. 

Katibu wa Kwaya