Ubunifu wa Vito vya Pembe Bujumbura: Kutoka Machinjioni hadi Begani

Mada kwa semina ya mafundi na wabunifu wa mitindo, Bujumbura



Nimekuja na hoja moja. Pembe ya ng'ombe imekwisha kuthibitisha kwamba mji huu unaweza kutoa vito vya hadhi ya juu. Kazi iliyobaki ni kuipa pembe hiyo umbo linalotokana na mavazi na sanaa zetu.

1. Malighafi tunayoshirikiana na jirani

Ng'ombe wa Ankole akichinjwa, nyama huliwa na ngozi huuzwa, lakini pembe mara nyingi huishia jalalani. Hapa Bujumbura, mbuni Margaux Rusita ameziunganisha pembe hizo na shaba ya manjano, na chapa yake ya Margaux Wong inajulikana nje ya mipaka yetu. Nairobi nako, mbuni Adele Dejak anatumia pembe na shaba ya manjano. Tangu Burundi ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, soko la jirani ni letu pia, ila huko tunakutana na watu wenye malighafi ile ile. Pembe peke yake haitatutambulisha.

2. Kazi ya mkono

Pembe ni ganda lililofunika kiini cha mfupa. Fundi huilowesha au kuichemsha mpaka kiini kichomoke, kisha huipiga msumeno. Ncha imejaa, hivyo hutoa shanga, vifungo na hereni nzito. Shina lina uwazi; likikatwa kwa mviringo ni bangili, na likipasuliwa, likapashwa moto na kubanwa, ni bapa la kuchonga. Moto ukizidi, pembe hunuka kama nywele zilizoungua na rangi yake huharibika. Baada ya hapo ni msasa, kuanzia ule mkali hadi ule laini kabisa, na mwisho kitambaa cha kung'arishia.

Pembe moja huweza kuwa na weusi, kahawia na rangi ya maziwa. Kwa hiyo fundi makini hukata hereni mbili za jozi moja kutoka vipande vilivyopakana. Hesabu hiyo ni ubunifu, na inastahili kulipwa kama ubunifu.

3. Umbo lililo letu

Tuitazame imvutano, vazi la akina mama katika harusi na sherehe za mahari. Kitambaa hufungwa fundo juu ya bega moja, kikashuka kwa mshazari kifuani. Mkufu mrefu hupotea chini yake. Vazi hili linadai pini pana ya kushika fundo, bangili ya mkono ulio wazi, na hereni fupi zisizonasa kitambaa. Mbuni akiyajibu mahitaji hayo, atapata vito ambavyo mbuni wa Nairobi au Kampala hana sababu ya kuvifikiria.

Michoro pia tunayo. Mfuniko wa agaseke, kikapu chetu cha kusukwa, huchongoka kuelekea juu, na mistari yake ya rangi huuzunguka kwa mpangilio. Ngoma zetu za kifalme, ambazo uchezaji wake wa kimila uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi usioshikika mwaka 2014, ngozi yake hubanwa kwa vigingi vya mti vilivyopangwa kuizunguka. Duara hilo la vigingi, likitengenezwa kwa shaba ukingoni mwa pini ya pembe, ni kito kamili.

4. Mapendekezo

(a) Wabunifu tuungane kununua pembe machinjioni kwa bei ya kudumu, ili wachinjaji waone faida ya kuzihifadhi.

(b) Saa za fundi ziingie katika bei, na jina lake liandikwe kwenye kadi ya kito.

(c) Kila muundo mpya uvaliwe kwanza kwenye harusi za hapa mjini. Pini ikishika fundo tangu asubuhi hadi ngoma za jioni, ndipo ipelekwe kwenye maonyesho ya nje.