Kilichomo kwenye kichupa cha mafuta ya ubani

Msikilizaji, kuna watu wananunua mafuta ya ubani wakiamini yanatibu maumivu ya viungo. Kwa nini jambo hili likuguse? Kwa sababu ni pesa yako, na pengine unaacha dawa za hospitali.

Tuanze na kemia yenyewe. Ubani ni utomvu wa miti ya Boswellia, inayoota Somalia, kaskazini mwa Kenya na Dhofar, Oman. Ukikamuliwa mafuta kwa mvuke, vinavyopanda ni viini vyepesi kama alfa-pinini na limonini, ile ile inayonukia kwenye ganda la chungwa la Muheza. Asidi za boswelia, ambazo watafiti wamezichunguza kwa uvimbe wa viungo, ni nzito. Hazipandi na mvuke; hubaki kwenye masalia ya utomvu.

Kwa upande mwingine, harufu hiyo si kitu kidogo. Hapa Tanga chetezo hufukizwa arusini na hitimani, na muuza manukato anastahili riziki yake. Ninachokipinga ni ahadi ya tiba isiyo na ushahidi.

Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ina uwezo wa kupima. Je, nani atakipeleka kichupa huko kabla mgonjwa hajakinunua?