Deki Ipi Uipeleke Nyumbani?

Leo tunazungumzia deki, ile ya kutazamia filamu na kusikilizia muziki sebuleni.

Kwanza, uliza inasoma nini. Nyumba nyingi bado zina VCD za kwaya na filamu za enzi za marehemu Steven Kanumba. CD hubeba takribani megabaiti 700, DVD ya kawaida gigabaiti 4.7. Nenda dukani na diski zako, zijaribiwe ukiona. DVD nyingine hufungwa kwa kanda za dunia: Tanzania ni kanda ya 5, Uingereza ya 2. Ile aliyokuletea shangazi kutoka London inaweza kugoma.

Pili, geuza deki utazame nyuma. Tundu la njano ni la picha. Jekundu na jeupe ni ya sauti. Kama runinga yako ni bapa na ina HDMI, tafuta deki yenye HDMI. Kwa muziki, nyaya za sauti zipeleke moja kwa moja kwenye sabufa. Spika ndogo za runinga hazina besi.

Tatu, umeme. Wa gridi ni volti 230. Mwenye sola aulize kama deki inakubali volti 12.

Mwisho, vumbi la kiangazi ni adui wa lenzi inayosoma diski. Deki ikishapoa, ifunike. Diski ifute kutoka katikati kwenda ukingoni, usizungushe kitambaa.

Usisahau risiti na dhamana. Cha rahisi huwa ghali.