Rejeta ya Trekta Kuukuu

Leo sitazungumza juu ya mbegu wala mbolea. Wakulima wenye matrekta ya zamani, hasa yale Massey Ferguson 135, wameniuliza swali ambalo si rahisi kulijibu kwa neno moja: rejeta ikishachakaa, nyingine itapatikana wapi?

Trekta hilo lilianza kutengenezwa mwaka 1964, na kiwanda kiliacha kulitengeneza katika miaka ya 1970. Maana yake, mengi ya hayo mnayolimia yana umri kunizidi mimi ninayezungumza nanyi. Injini yake ya Perkins ya silinda tatu ni ngumu, na bado inavuta. Rejeta ndiyo inayotangulia kuchoka.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Msimu mmoja, kikundi cha wakulima huku nyanda za juu waliniita kwa sababu trekta lao lilikuwa linachemsha kila baada ya matuta machache. Nilitazama rejeta, nikaona inavuja chini na mabomba yake yamejaa kutu na chokaa. Nikawaambia, hii imekwisha, iuzeni kwa watu wa vyuma chakavu, ile fedha iwasaidie kununua mpya. Wakaniamini, kwani mimi ndiye Bwana Shamba. Shaba ina bei nzuri, ikapimwa kwenye mizani siku ileile na ikaondoka.

Rejeta mpya ilipokuja kutoka mjini, jina lilikuwa sahihi lakini umbo halikuwa lenyewe. Bomba la chini lilitokea upande mwingine, na unene wake ulizidi hata feni ikawa inakaribia kuigusa. Kuirudisha, kubadilishana, kusubiri, yote hayo yakachukua siku. Mvua hazikusubiri. Wenzetu wale walirudi kwenye jembe la mkono, na sehemu kubwa ya shamba ikabaki na majani.

Baadaye nilikwenda kwa mzee mmoja fundi wa rejeta, nikamsimulia. Akanitazama, akasema, "Bwana Shamba, mwanangu, ungeniletea yale matangi mawili tu, la juu na la chini. Hayo ya katikati ningeyapata." Sikuwa na la kujibu.

Sasa nieleze alichokuwa anasema. Rejeta ya zamani ina tangi la juu na tangi la chini, na katikati yake mabomba membamba yaliyoshikwa na vipande vyembamba kama mapezi ya samaki. Maji ya moto kutoka kwenye injini huingia juu, hushuka ndani ya mabomba, upepo wa feni hupita katikati ya mapezi na kuchukua joto, kisha pampu huyarudisha maji kwenye injini. Vyote hivyo ni vya shaba, vimeunganishwa kwa risasi iliyochanganywa na bati. Ndiyo sababu fundi anaweza kuifumua kwa moto na kuiunganisha tena, kama fundi cherehani anavyofumua suruali. Rejeta za magari ya siku hizi ni za aluminiamu, nyingi zina matangi ya plastiki, na risasi haishiki huko. Hivyo basi, ile kuukuu mnayoidharau ndiyo inayotengenezeka.

Lakini kabla ya kuifungua, hakikisheni kwamba rejeta ndiyo yenye kosa. Trekta huchemsha kwa sababu nyingi. Mkanda wa feni ukilegea, linachemsha. Makapi na mbegu za majani zikiziba mbele ya rejeta, linachemsha, na hapo dawa ni maji tu, yapulizwe kutoka upande wa feni kwenda mbele, si kutoka mbele, maana mtazidi kuyashindilia. Themostati ikikwama, vilevile. Itoeni, muifunge uzi, muitumbukize kwenye sufuria ya maji yanayochemka. Isipofunguka, nunueni nyingine. Msiitupe tu na kuliacha trekta bila themostati, ingawa najua wengi mnafanya hivyo. Na mkiona oili inaelea kwenye maji ya rejeta, au mapovu yanatoka mfululizo wakati injini inanguruma, hapo gasketi ya silinda hedi ndiyo ya kushukiwa, na rejeta mpya haitasaidia kitu.

Mkitaka kujua kama mabomba yameziba, zimeni injini ikiwa imepata moto, mpitishe kiganja mbele ya rejeta bila kuifungua. Penye ubaridi katikati ya joto, maji hayapiti.

Tuseme rejeta ndiyo mbovu. Mpelekeeni fundi ikiwa nzima, pamoja na mfuniko wake na vishikizo vyake. Kama imeziba tu, atafumua tangi la juu na kupitisha waya bapa katika kila bomba. Kama inavuja, ataziba matundu yake, ataitumbukiza kwenye karai kubwa la maji na kuisukumia upepo. Panapotoka mapovu ndipo panapovuja. Kama sehemu ya katikati imekwisha kabisa, ataweka nyingine na kuyarudishia matangi yenu ya zamani juu na chini. Matangi ndiyo yenye mabomba ya kuingizia na kutolea maji mahali panapotakiwa, na ndiyo yaliyo adimu. Basi mahali fundi anapochomelea, watoto wasikae karibu. Moshi wa risasi ni sumu.

Mafundi wa namna hii mtawapata katika miji mikubwa. Dar es Salaam, ulizeni Gerezani. Mikoani, anzieni katika mitaa ya viwanda vya SIDO, shirika lililoanzishwa mwaka 1973, na hata kama hamumkuti fundi wa rejeta hapo, kuna watu wa vyuma watakaowaelekeza. Fundi aliyezoea Land Rover na malori ya zamani anaweza kazi ya trekta pia.

Mkilazimika kununua nyingine, iwe mpya au ya trekta lililokufa, msiende dukani na jina la trekta peke yake. Kulikuwa na Massey Ferguson 135 za dizeli na za petroli, na vifaa vyake havikufanana vyote. Chukueni namba iliyo kwenye kibao cha trekta. Pimeni urefu, upana na unene wa sehemu ya katikati. Pimeni kipenyo cha mabomba ya mipira na muandike yanatokea upande gani. Pimeni umbali kati ya tundu na tundu la bolti, na nafasi iliyopo mpaka kwenye feni. Kama rejeta yenyewe inabebeka, ibebeni. Wala msiiuze mpaka ile nyingine imefungwa, imejazwa maji, na trekta limelima siku nzima.

Neno juu ya mfuniko, kwa sababu huku watu wengi hufunga kitambaa au gunzi la mahindi. Mfuniko wa matrekta mengi ya zamani umepigwa namba 7, yaani unazuia mgandamizo wa ratili 7 kwa inchi ya mraba. Mbeya iko juu ya bahari kiasi cha meta 1,700, na maji huko huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Mfuniko mzima huyawezesha yapite nyuzi 100 bila kuchemka. Gunzi haliwezi kazi hiyo. Wala msiweke mfuniko wenye namba kubwa zaidi mkidhani mnaongeza nguvu. Mtapasua maungio ya risasi. Mfuniko usifunguliwe trekta likiwa la moto, na maji baridi yasimwagwe kwenye injini iliyochemka, kwani silinda hedi hupasuka.

Wako pia wanaotia yai bichi au unga wa manjano ili kuziba tundu. Linaziba, ni kweli, lakini na mabomba membamba yanaziba pamoja nalo. Tumieni maji ya mvua, maana ya visima vyenye chumvi huacha chokaa. Mkitia kulanti, dumu lake liwekwe mbali na watoto na mbwa; ina ladha tamu lakini inaua.

Kile kikundi nilichowasimulia kilizunguka muda mrefu kabla ya kupata matangi, ambayo yalitoka kwenye trekta bovu lililokuwa limeota majani nyuma ya ghala moja. Mzee fundi akaweka katikati mpya. Msimu uliofuata lililima. Mwendeshaji wake hufungua mfuniko asubuhi tu, kabla ya kuwasha, na ile karatasi yenye vipimo wameibandika ndani ya mlango wa stoo. Kwaherini.