Umati Haupigi Kura, Watu Hupiga



Nina dakika chache, kwa hivyo nakwenda moja kwa moja. Tunaamua wadi gani zipate pesa na maajenti, na karibu kila mratibu anasema, "Kwetu tuko sawa, nahisi." Unahisi kutokana na nini? Umati wa mkutano! Umati hubebwa na lori, kura hupigwa kituoni.

Darasani tunafundishwa kwamba anayedai ndiye anayethibitisha. Septemba 1, 2017, Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa urais. Haikufuta kwa sababu ya kelele za barabarani. Iliangalia jinsi matokeo yalivyopeperushwa, ikaangalia na fomu, nyingine zikiwa hazina alama za usalama. Septemba 5, 2022, kesi ikatupwa: ushahidi haukutosha. Na Katiba inakupa siku 7 tu kuwasilisha kesi ya urais. Huwezi kuanza kutafuta ushahidi siku hiyo.

Basi tuanze sasa. Fomu 34A za 2022 ziliwekwa mtandaoni, kituo kwa kituo, na kituo hakizidi wapiga kura 700. Kila mratibu alete jedwali: waliosajiliwa wangapi, waliojitokeza wangapi, sisi tulipata ngapi. Hapo tutajua wapi tulishindwa na wapi watu wetu walibaki nyumbani. Dawa yake si moja.

Najua jedwali litamwonyesha mtu hapa kwamba "ngome" yake si ngome. Asinune. Heri tujue leo kuliko usiku wa kuhesabu kura.